Fundi Asiyetajwa

Wahakiki wetu wa dansi na kwaya husifu vidole vya mpigaji na maneno ya mtungaji. Fundi aliyeunga waya ndani ya gitaa hawamtaji. Ni upungufu.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, chini ya nyuzi. Ile ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955, koili zake huungwa kinyume na sumaku zake hupinduliwa: mvumo wa umeme hufutana, sauti ya nyuzi hujumlishana. Tuseme fundi redio wa Tunduma, mpakani na Zambia, aongeze swichi ya kuizima koili moja. Mpiga solo wa kwaya atapata sauti nyembamba, kali, ipenyayo baina ya ridhimu na besi. Lakini mvumo utarejea, na waimbaji wakinyamaza utasikika.

Huo ni uteuzi wa kisanaa, sawa na wa mshairi aachaye neno alipendalo ili kina kisipotee. Ahakikiye gitaa bila kuuliza waya umeungwaje amesoma shairi bila kuhesabu mizani.