Namna ya Kupima Picha Ndogo za Miungu wa Kike wa Guangzhou

Zhongda, eneo la Guangzhou linaloitwa kwa jina la kifupi la Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, hujulikana na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kwa soko lake la vitambaa. Lakini ng'ambo ya mto, jirani na maghala ya wageni, katika karne ya 19 zilistawi karakana zilizowauzia mabaharia picha ndogo za wanawake waliovikwa mavazi ya visasili, na jicho lililozoea kukagua kitambaa ndilo linalofaa kuzipima.

Picha hizo zilichorwa juu ya tongcao, yaani utando mweupe upatikanao kwa kuzungusha kiini laini cha shina la mmea *Tetrapanax papyrifer* dhidi ya kisu kipana. Kwa kuwa utando huo hauna nyuzi kama karatasi, na seli zake huvimba zikilowa, rangi nzito hubaki imeinuka kidogo mithili ya tarizi. Anayekagua aishikilie taa ubavuni mwa picha: mwinuko huo ukikosekana kabisa, kuna sababu ya kushuku nakala iliyopigwa chapa.

Uzuri wa sura hauthibitishi mengi, kwani kiolezo kimoja kiliweza kuwekwa chini ya utando upitishao mwanga na kunakiliwa mara nyingi, fundi mmoja akichora mistari na mwingine akipaka rangi. Ustadi huonekana katika mavazi. Magu, mungu wa kike wa maisha marefu, hutambulika kwa mafyulisi yake, na He Xiangu, mmoja wa Wanane Wasiokufa, kwa ua la yungiyungi. Fundi hodari huipaka shela nyembamba kwa namna ambayo rangi ya vazi la ndani hupenya na kufifia pale shela inapokunjika mara mbili, ilhali fundi wa haraka huipitishia rangi nyeupe sawasawa, na vidole vya mwanamke anayemchora huligusa ua bila kulishika.

Nyufa zisimtishe mnunuzi, maana tongcao ikikauka huvunjika kwa urahisi. Nyeupe ya risasi iliyogeuka nyeusi ni kasoro ya kawaida ya uzee, na jina kama Youqua au Tingqua hutaja karakana, wala si lazima mkono wa bwana mwenyewe. Kati ya picha nzima yenye shela iliyokufa na nyingine iliyopasuka shavuni ila mikunjo yake ingali hai, ya pili ndiyo bora.