Bahari Juu ya Uwanda: Filamu ya Finding Nemo na Mtazamaji wa Gulwe

Iko dhana iliyozoeleka kwamba sanaa ya bahari ni ya watu wa bahari. Mtu wa bara, husemwa, atayafurahia mashairi ya mawimbi na majahazi kwa sikio tu, moyo wake ukiwa mbali, kwani maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo ni ya kweli kwa mpiga mbizi. Kwa msikilizaji wa hadithi inataka kupimwa upya, na kipimo kimoja kinachofaa ni filamu ya katuni ya Finding Nemo, iliyotengenezwa na kampuni ya Pixar na kuongozwa na Andrew Stanton, ikatoka Marekani mwezi wa Mei 2003. Swali la uhakiki huu ni fupi: filamu hiyo, ambayo wahusika wake karibu wote ni viumbe wa baharini, ina neno gani kwa mtu wa Gulwe?

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati katika wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya reli. Ni nchi ya mibuyu, mtama, uwele na ng'ombe, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Maji huko huja kwa namna mbili, na zote mbili hutisha: ama hayaji kabisa, ama huja yote kwa pamoja. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliiharibu njia ya reli baina ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikakatika kwa miezi. Samaki wanaojulikana zaidi upande huo ni kambare na perege wa mabwawa, kama lile la Mtera mpakani mwa Dodoma na Iringa, pamoja na dagaa wakavu wa Kigoma waliozoea kusafiri kwa reli hiyo hiyo. Bahari ni habari inayosimuliwa na wasafiri.

Kisa cha filamu ni chepesi kukieleza. Samaki mdogo mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe, jina lake Marlin, anapoteza mke na mamia ya mayai kwa shambulio moja la mzia. Linabaki yai moja tu, nalo limepata dosari. Mtoto anazaliwa na pezi moja dogo. Huyo ndiye Nemo. Baba anamlea kwa hofu, akimkataza kila kitu. Siku ya kwanza ya chuo mtoto anachoka na makatazo, anaogelea kuelekea mashua mbele ya macho ya baba yake, na mpiga mbizi anamchukua. Anatiwa katika tangi la kioo kwa daktari wa meno mjini Sydney. Baba anaianza safari ya kumtafuta, akifuatana na Dory, samaki wa buluu wa jamii ya kangaja, ambaye husahau kila jambo baada ya dakika chache.

Ulimwengu uliipokea filamu hiyo kwa mikono miwili. Ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2004, na mapato yake ya mwanzo katika majumba ya sinema yalizidi dola milioni 800. Filamu iliyoifuata, Finding Dory ya mwaka 2016, ilivuka dola bilioni moja. Palikuwapo na manung'uniko pia. Wataalamu wa viumbe wa bahari walikumbusha kwamba kwa samaki wa jamii ya Marlin, jike akifa, dume lake hugeuka kuwa jike. Wengine walilalamika kwamba filamu inayowahurumia samaki wa tangini imewafanya watoto wawatake samaki hao hao nyumbani. Lalamiko la kwanza halina uzito mkubwa: sungura wa hadithi zetu hajawahi kuwa sungura wa porini, na hakuna aliyemdai fisi wa ngano atoe ushahidi wa sayansi. La pili ni zito zaidi. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 na mwaka 2019 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba filamu ndiyo iliyoongeza biashara ya samaki hao kwa kiasi kilichodaiwa.

Yote hayo ni mapokezi ya watu wenye matangi. Mtazamaji wa Gulwe hana tangi wala mwambao, basi anaingia katika hadithi kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa baba aliyebakiwa na mtoto mmoja. Katika Ugogo jambo hilo lina jina katika historia. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na ukame na kuzidishwa na majeshi ya Vita Kuu yaliyochukua chakula, mifugo na watu, ilipewa jina la Mtunya. Iliua watu wengi na kutawanya kaya. Nchi iliyopitiwa na msiba wa namna hiyo haihitaji kuelezwa kwa nini mzazi anamhesabu mtoto wake kila saa. Katika sehemu nyingi za filamu hofu ya Marlin ndiyo chanzo cha kicheko. Anacheka mtazamaji anayeiona hofu hiyo kuwa imepita kiasi. Penye kumbukumbu ya njaa kicheko hicho hupungua sauti. Hofu inaonekana ilivyo kweli, yaani akili ya mtu aliyeona.

Hapa ndipo filamu inapopambana na maadili ya ngano zetu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: Nemo amekatazwa, hakusikia, ametekwa. Kwa ngano nyingi hadithi ingeishia hapo, na mafunzo yangekuwa yamekamilika. Finding Nemo inaanzia hapo. Inatumia zaidi ya saa nzima kumwonyesha mkuu naye akijifunza kusikia. Marlin anapolia kwamba alimwahidi mwanawe kutoruhusu lolote limpate, Dory, msahaulifu yule, anashangaa: asipopatwa na lolote, basi hatapata chochote. Ni neno la mjinga lenye hekima, kama maneno ya Abunuwasi. Karibu na mwisho wavu unawazoa samaki wengi, Dory akiwa miongoni mwao. Nemo anataka kuingia awaambie wote waogelee chini kwa pamoja. Baba analazimika kuchagua baina ya kumshika na kumwamini, naye anamwachia. Methali haikutanguliwa, kwani mtoto alikosa na filamu haifichi. Imeongezewa upande wa pili: mkuu anayetaka la kwake lisikiwe hana budi kujua lini la kukataza limekwisha na la kuruhusu limeanza.

Mhakiki wa pwani atakuwa na pingamizi hapo, na ni haki asikilizwe. Katika tukio hilo la wavu wavuvi hawana uso. Wao ni maafa yanayotoka juu, sawa na mzia wa mwanzo. Kwa mtu wa Nungwi au Kizimkazi wavu ni ada ya skuli na chakula cha usiku, na anayeuvuta naye ni baba mwenye hofu zake. Filamu iliyojaa huruma kwa mzazi wa chini ya maji haikubakiza hata chembe kwa mzazi wa juu ya maji. Huo ni upungufu wa kweli, na unatokana na mahali filamu ilipotungwa, ambako samaki huonekana ama ndani ya kioo ama juu ya sahani, na mkono ulio baina ya viwili hivyo hauonekani. Pingamizi hili linapata nguvu tukikumbuka kwamba ndugu wa Nemo wanaishi pia katika matumbawe yetu, Unguja, Mafia na Mombasa, na kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje samaki wa mapambo. Njia ya kutoka mwambani hadi kwenye kioo cha daktari wa mbali inapita katika bahari yetu pia, na wanaoingia majini kuwakamata samaki hao ni watu wa mwambao huu huu.

Linabaki suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa mashairi ndilo kubwa kuliko yote. Kwa muda mrefu filamu za kigeni zimewafikia Watanzania wengi kupitia vibanda vya video na sauti ya msimulizi anayezungumza Kiswahili juu ya sauti za asili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliojenga fani hiyo Dar es Salaam, na Uganda na Kenya nako wamezuka mabingwa wao. Wasomi wa lugha wamezoea kuwadharau wasimulizi hao kwa kuongeza na kupunguza maneno. Inafaa kukumbuka kwamba Finding Nemo yenyewe inawatetea. Habari za Marlin zinamfikia mwanawe kwa kusimuliwa: Marlin mwenyewe anawasimulia watoto wa kasa, hao wanapokezana na samaki, samaki na ndege, kila mmoja akiongeza chumvi yake, mpaka mwari mmoja anazifikisha dirishani kwa daktari. Mtoto anajua kwa masimulizi hayo kwamba baba mwoga amegeuka shujaa, naye anapata moyo wa kupigania uhuru wake. Bila wapokezi hao hadithi isingekuwa na mwisho.

Msimulizi wa Kiswahili atakayeitwaa filamu hii ana mtihani mmoja. Akisema samaki huyu, samaki yule, atakuwa amewaibia watazamaji wa bara hazina iliyo haki yao. Kiswahili kina mzia na bunju, taa na kangaja, kasa na ng'amba, yavuyavu na kiti cha pweza, na juu ya maji kina shakwe na mwari. Kuna hoja kwamba maneno hayo yatampita mtoto wa Mpwapwa. Hoja hiyo inamdunisha mtoto. Hakuna anayemficha mtoto wa Makunduchi neno twiga kwa kuwa hajamwona. Jina hutangulia kitu, na aliyelipata jina amekwisha kupata nusu ya njia.

Mifano iko. Mwaka 2016 Finding Nemo ilitolewa kwa lugha ya Wanavajo, watu wa nyanda kame za Marekani zilizo mbali na bahari, kwa juhudi za jumba lao la makumbusho kwa kushirikiana na kampuni ya Disney. Nia ilikuwa watoto wasikie lugha yao ikitamka mambo mapya. Kama uwanda ule uliweza kuibeba bahari nzima, uwanda wa Dodoma hauna sababu ya kushindwa, ukiwa na lugha iliyozaliwa ufukweni. Wala si jambo geni. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 karibu na Dodoma, wakati wa Mtunya, na kufariki mwaka 1969, alizishika bahari za ushairi wa Kiswahili, akazieneza ngonjera nchi nzima. Hakusubiri ruhusa ya mwambao. Alichukua kilichokuwa chake.

Kwa hiyo hukumu ya uhakiki huu ni kwamba Finding Nemo ni kazi njema yenye doa. Doa lake ni mvuvi asiye na uso, na mwambao una haki ya kulinyooshea kidole. Wema wake ni baba aliyejifunza kuachia, na huo hauhitaji mwambao. Treni za reli mpya zilizoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 zinapita Gulwe, na kumpeleka mtoto wa huko ufukweni kumekuwa ni safari ya saa chache. Atakayeshuka pwani akiwa ameyasikia majina ya viumbe wa bahari kwa Kiswahili chake hatafika kama mgeni. Kazi iliyobaki ni ya wafasiri na wasimulizi, wa visiwani na wa bara, nayo ni kuhakikisha majina hayo yamemfikia kabla ya treni.