Mti Nje ya Mji: Kuitazama "Pumzi" Tukiwa Tanga

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi. Ni kazi ya mkondo wa Afrofuturizimu, yaani sanaa inayoiwaza kesho kwa macho ya watu weusi. Muumini asiogope neno hilo. Manabii nao waliwaonyesha watu mji ambao haujajengwa bado.

Katika Pumzi vita vya maji vimepita, na watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa. Jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena. Watu huzalisha umeme kwa kufanya mazoezi kwenye mashine, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, nayo inachipua. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka. Anatoroka kwa msaada wa mfanya usafi, anavuka jangwa na kuupa mche maji yake ya mwisho.

Uzuri wa filamu hii ni kwamba haikubali kuuita mji kuwa hai kwa sababu tu mitambo inafanya kazi. Hilo linatuhusu. Reli ilipoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, waliouwaza mji huu walikuwa watawala wa Kijerumani na wenye mashamba. Leo bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda limepangiwa kuishia Chongoleani. Tunazungumza ajira na viwanja, na ni haki yetu. Je, wavuvi, mikoko na watoto wa Ngamiani tumewawekea nafasi gani katika mji huo?

Filamu inapungukiwa mahali pamoja: mti wa Asha uko nje, na mji unaachwa nyuma kama usioweza kuponywa. Ufunuo 22 unauweka mti wa uzima ndani ya mji, kando ya mto. Nao wana wa Israeli waliohamishiwa Babeli, katika Yeremia 29, hawakuambiwa watoroke, bali wauombee mji walimo.

Kwa hiyo mimi namfikiria zaidi yule mfanya usafi, ambaye filamu haikumpa nafasi kubwa. Bila yeye mbegu isingetoka. Watu kama yeye wamo katika kila usharika wetu: wanafagia, wanauza samaki, wanabeba mizigo. Kabla hatujaiombea Tanga ya kesho, tuwaulize wao wanaota mji gani.