Ng' Iliyopotea: Uhakiki wa Makro ya Alama na Mwongozo Wake

Msomaji wa jarida hili amezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunamwomba radhi, kwani matini tunayoihakiki haikuandikwa na msanii wala haipatikani dukani. Ni makro ya mistari sitini na kitu, iliyomo ndani ya faili la Excel la idara, pamoja na mwongozo wa kurasa nne waliopewa walimu ili uwasaidie makro hiyo inapogoma. Zote mbili zimetumika kwa mihula mitano. Tunaziita matini kwa sababu ndivyo zilivyo: zimeandikwa na mtu, zinasomwa na mtu na mashine, na zina athari kwa watu ambao hawakuwahi kuziona.

Kazi ya makro ni hii. Kila mwisho wa muhula walimu huleta alama kwa njia mbili. Walio hapa huleta jedwali la Word. Walio katika vituo vya nje hutuma barua pepe zenye jina katika mstari mmoja na alama katika mstari unaofuata. Makro hufungua majedwali, hupita katika kikasha cha Outlook, huokota majina na alama, kisha huziandika katika orodha moja inayopelekwa kwenye bodi ya mitihani. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa kwa mkono kwa siku tatu au nne, na makosa ya mkono nayo hayakuwa haba. Hatuandiki haya, basi, kwa chuki dhidi ya mashine.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini akiwa na barua ya kumtaka arudie somo la fasihi simulizi. Orodha ilionyesha kwamba amepata 38. Tulimwambia, na hili tunaliandika kwa aibu, kwamba orodha imetoka kwenye kompyuta, na kompyuta haina sababu ya kumchukia mtu. Hakubishana. "Mwalimu, naomba tu mnitazamie kijitabu changu cha majibu," alisema, akatushukuru, akaondoka. Ilituchukua siku mbili kukitazama, kwa kuwa hatukuona haraka iko wapi. Kijitabu kilikuwa na 71. Ile 38 ilikuwa ya mwenzake aliyemtangulia katika orodha.

Jina la mwanafunzi huyo lina ng'.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoacha kuwa mgeni katika mambo ya kompyuta. Sauti hii ya ng'ombe na ng'ambo tunaiandika kwa herufi mbili na ritifaa, na tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba ritifaa hiyo si pambo: ukiiondoa, sauti inabadilika. Sasa mtu akiandika ritifaa katika Word, programu ile, kwa mpangilio wake wa kawaida, huigeuza alama iliyonyooka ikawa alama iliyopinda, kwa ajili ya uzuri wa ukurasa. Excel haifanyi hivyo, huiacha ilivyo. Iliyonyooka ina namba 39 katika hesabu ya herufi za kompyuta, iliyopinda ina namba 8217. Kwa jicho la msomaji, ng'ombe wa Word na ng'ombe wa Excel ni ng'ombe yule yule. Kwa makro ni wanyama wawili, na haoni hata udugu kati yao. Orodha ya wanafunzi iliandikwa moja kwa moja katika Excel. Jedwali la mwalimu liliandikwa katika Word. Makro ikalitafuta jina, ikalikosa.

Na si ritifaa mbili tu. Katika barua pepe tulikuta alama ile ya mkwaju mdogo unaolala upande wa kushoto, namba 96, kwa sababu mwandishi aliiona kwanza kwenye kibodi yake. Tulikuta pia walioandika ŋ moja, namba 331, kama ilivyo katika tahajia sanifu ya Kiganda, jambo ambalo hapa kwetu si ajabu hata kidogo. Sauti moja, maandishi manne. Mtaalamu wa fonolojia angefurahi. Makro haikufurahi, na ubaya wake ni kwamba haikulalamika pia.

Hili la kutolalamika ndilo kiini cha uhakiki wetu. Mstari wa tatu wa makro hiyo ni amri isemayo On Error Resume Next, yaani likitokea kosa, usiseme kitu, endelea na mstari unaofuata. Tazama basi mantiki ya yaliyofuata. Makro inafika kwa mwanafunzi wa kwanza, inamwona, inatia 38 katika kibadilika kiitwacho x, na inaandika x mbele ya jina lake. Inafika kwa mwanafunzi wetu. Inamtafuta, haimwoni. Mstari wa kutafuta unashindwa, kwa hiyo x haiguswi. Lakini mstari unaofuata haujashindwa. Unasema: andika x. Na x bado ni 38, ya mtu mwingine. Hapo makro ilisema uongo kwa utulivu, bila hata kusita, na kwa muundo nadhifu uleule unaotumika kusemea kweli.

Mhakiki wa fasihi angemwita msimulizi wa aina hii msimulizi asiyeaminika. Tofauti ni kwamba katika riwaya mwandishi hutuachia ishara za kumshuku. Hapa ishara zote zilizimwa kwa mstari mmoja.

Hata hivyo haki itendeke. Aliyeiandika makro hii alikuwa msaidizi wa ufundishaji, aliyeifanya kwa wiki moja, bila malipo, huku akisahihisha mitihani. Amri ile hakuitia kwa hila. Majedwali ya walimu yalikuwa vurugu: mmoja ameunganisha visanduku viwili, mwingine ameandika "hakuja" mahali pa alama, wa tatu (tunamfahamu sana) ameweka alama ya kuuliza. Kila jedwali lilimsimamisha. Tena kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Unaposoma kisanduku cha jedwali la Word kwa makro, maandishi yake huja na vibambo viwili vya ziada mwishoni, namba 13 na namba 7, ambavyo jicho halivioni. Ukiiomba makro igeuze "71" hiyo kuwa namba kamili, hugoma. Mtu aliyegomewa mara ishirini usiku wa manane huziba kengele. Tungefanya hivyo hivyo. Tunachomlaumu kwacho ni kidogo zaidi: hakuna popote katika mistari ile alipoandika ufafanuzi hata mmoja, na vibadilika vyake vyote ni x, y, a1 na a2. Lau kile cha kwanza kingeitwa alamaYaMwanafunzi, huenda aliyekuja baada yake angejiuliza: ya mwanafunzi yupi?

Tuje kwenye mwongozo. Huu uliandikwa hapa hapa idarani, na kwa hiyo huruma yetu inapungua. Kosa namba 13, ambalo hutokea pale thamani inapokuwa ya aina isiyotarajiwa, kwa mfano maneno mahali pa namba, limetafsiriwa "kutolingana kwa chapa". Mtafsiri aliona neno la Kiingereza lenye maana mbili, ya kupiga chapa na ya aina, akachukua isiyohusika. Mwalimu aliyesoma hapo alibadilisha mwandiko wa hati yake mara tatu, akidhani ndiyo chapa inayosemwa. Kosa namba 9 limekuwa "maandishi ya chini yako nje ya masafa", na maana yake halisi ni kwamba umetaja karatasi au nafasi isiyokuwapo. Aghalabu mtu amebadili jina la karatasi au ameacha nafasi tupu mwishoni mwake. Na ule utangulizi wa kila ujumbe, "kosa la wakati wa kukimbia", umewafanya wanafunzi wetu waulize nani anakimbia. Makro ikiwa kazini, Kiswahili kina neno: inatenda kazi, inaendeshwa. Haikimbii.

Si kwamba lugha haina uwezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba istilahi hujengwa kwa kuuliza kwanza kitu kinafanya nini. Mwongozo wetu uliuliza tu neno linafananaje.

Tunaongeza shaka moja juu ya neno "kosa" lenyewe. Katika Kiswahili mwenye kosa ana hatia. Hukosea mtu, na huombwa aombe radhi. Ndiyo maana walimu wengi, wakiona dirisha la "kosa", hulifunga upesi kama waliofumaniwa, bila kulisoma. Tungependelea "hitilafu". Asili yake katika Kiarabu ni tofauti, kutoafikiana, na hicho hasa ndicho makro inachokiona: nimetarajia hili, nimekuta lile. Ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni hitilafu kwa maana zote mbili za neno.

Sehemu ya barua pepe katika mwongozo ina aya tatu tu, ilhali huko ndiko kwenye mambo. Kikasha cha Outlook hakina barua peke yake. Kina mialiko ya mikutano na taarifa za barua zilizoshindwa kufika, na makro iliyoambiwa kwamba kila kitu humo ni barua hugoma kwa namba 13 inapokutana na mwaliko wa kwanza. Pia barua pepe, tofauti na barua ya karatasi, hubeba ndani yake barua zilizoitangulia. Mwalimu wa kituo fulani alijibu chini ya ujumbe wa zamani badala ya juu. Makro ikatafuta neno "Alama" la kwanza kutoka juu, ikaokota alama za muhula uliotangulia. Wanaofundisha masimulizi ndani ya masimulizi wana mfano mpya hapo. Halafu kuna nafasi tupu ya namba 160, inayoletwa na barua zenye mapambo, ambayo amri ya kupunguza nafasi haiioni kuwa ni nafasi.

Tarehe nazo. Kompyuta ya idara ilinunuliwa ikiwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. 4/3 iliyokusudiwa kuwa tarehe nne Machi ilisomwa kuwa tarehe tatu Aprili. Hilo mtu angelitambua mapema, lau si kwamba 13/5 ilisomwa sawasawa: hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo makro iligeuza mpangilio yenyewe, kimya kimya. Orodha ikawa na tarehe nusu za kweli. Kwa maoni yetu hiyo ni mbaya kuliko orodha ya uongo mtupu.

Mwongozo unamwambia pia mwalimu kwamba onyo la usalama likitokea alifunge na kuruhusu kila kitu. Hilo lifutwe leo. Mwezi Machi 1999 kirusi cha Melissa kilienea duniani kupitia makro ndani ya hati ya Word, kikijituma kwa anwani hamsini za kwanza za kila aliyeifungua. Tangu mwaka 2022 Microsoft huzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na zuio hilo lina sababu. Faili la idara lichukuliwe ofisini kwa mkono.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Tuliondoa amri ya kunyamaza. Kabla ya kila mwanafunzi, kibadilika cha alama sasa kinafutwa kiwe tupu, na jina lisilopatikana linaandikiwa HALIKUONEKANA kwa herufi kubwa. Ritifaa zote, na ŋ pia, hugeuzwa kuwa umbo moja kabla ya kulinganishwa. Vibambo vya 13, 7 na 160 huondolewa. Mwenzetu mmoja anashauri tuache majina kabisa, tutumie namba za usajili. Tumekubali, kwa kuwa ni salama zaidi. Tumekubali kwa shingo upande. Idara ya Kiswahili iliyoshindwa kuandika ng' na ikajificha nyuma ya namba ina la kujieleza.

Kisha tuliendesha upya mafaili ya mihula yote mitano. Si kila ng' ilipotea, maana baadhi ya walimu hunakili majina kutoka orodha ya Excel badala ya kuyaandika. Hata hivyo tulikuta alama kumi na moja zilizoandikwa kwa mtu asiyehusika nazo. Nne zilishushwa, saba zilipandishwa. Kati ya wanne walioshushwa, mmoja tu ndiye aliyekuja kuuliza. Kati ya saba waliopandishwa, wawili wamekwisha kuhitimu, na mmoja wao anafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Bodi itakutana baada ya Pasaka kuamua, na sisi tuliotakiwa kutoa ushauri hatujaandika hata ukurasa mmoja.

Barua ya mwanafunzi wetu imefutwa, akapewa nyingine. Jina lake tuliliandika wenyewe, tukalisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Ritifaa ilitoka iliyopinda.