Kadi 12 za Maskati

Saa 9 alasiri, Februari 19, 2013, vijana walianza kuzunguka kwenye mashine za ATM za New York. Maskati, Oman, ilikuwa saa 6 usiku. Hadi kufika saa 4 na nusu asubuhi ya Maskati, kundi hilo la New York peke yake lilikuwa limechota kama dola milioni 2.4, kwa kutoa fedha karibu mara 2,900. Wenzao walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo katika nchi nyingine. Zote pamoja zilikuwa 24, na fedha zilizotoka zilikaribia dola milioni 40. Zote zilipitia kadi 12 tu za Bank Muscat, zile za safari ambazo mteja huzijaza fedha kabla ya kuondoka.

Kadi ya namna hiyo haitoi zaidi ya kilichowekwa, tena ina kikomo cha siku. Ilikuwaje basi? Wadukuzi hawakuvunja mashine hata moja. Walijipenyeza kwenye mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiichakatia benki miamala ya kadi, wakapandisha salio na kufuta kikomo. Namba za kadi na namba za siri zikatumwa kwa makundi, nayo yakaziandika kwenye utepe wa sumaku wa kadi yoyote, hata ya kufungulia chumba cha hoteli. Wakuu wao walibaki ndani ya mfumo wakihesabu kila dola iliyotoka, wasije wakapunjwa mgao. Hilo linaniuma kuliko yote: mwizi ndiye aliyekuwa macho.

Na onyo lilikwishatoka. Desemba 2012, njia ileile iliikamua benki ya jirani, RAKBANK ya Ras Al Khaimah, dola milioni 5.

Kwa hiyo mali ya kulindwa hapa ni ile ruhusa ya kubadilisha kikomo. Katika ofisi nyingi akaunti ya msimamizi ni ya wote: neno la siri moja, mafundi watano, na aliyeacha kazi mwaka jana bado analikumbuka. Kumbukumbu za mfumo zitaandika kwamba msimamizi amefuta kikomo. Msimamizi yupi? Kila fundi aingie kwa jina lake. Neno la siri la pamoja lihifadhiwe kwenye kasha la kidijitali, liazimwe kwa muda, na libadilike kazi inapokwisha. Anayeomba kikomo kibadilishwe asiwe ndiye anayeidhinisha, ili aliyeiba ufunguo mmoja akute kufuli la pili mikononi mwa mtu mwingine.

Ercan Findikoglu, raia wa Uturuki aliyeongoza wizi huo, alihukumiwa miaka 8 jela New York mwaka 2017. Bank Muscat ilikwishatangaza hasara ya hadi riali milioni 15. Nawe unayesimamia mifumo pale Ruwi, Maskati, wahesabu leo wanaolijua neno la siri la akaunti yako ya msimamizi.