Sifa za Kutuliza Mpira

Mashabiki hukumbuka bao, lakini ukitaka kumjua fundi wa mpira, mtazame anavyoupokea. Mpira unatoka juu, umebutuliwa ovyo na beki aliyebanwa. Fundi anainua mguu, anaulaki hewani, kisha kifundo kinalegea na mguu unashuka nao kwa mwendo uleule mpaka kwenye nyasi. Mpira unalala. Ukikaza mguu, unakuruka na mpinzani ameshauchukua. Ukilegeza mapema, unakupita. Tofauti ni kufumba na kufumbua, na hakuna mwalimu awezaye kukutajia wakati huo. Mguu wenyewe ndio unaojua.

Wengi wetu miguu yetu ilianza kusomeshwa kwenye chandimu, kwa mpira ambao mwamuzi yeyote angeukataa. Sheria za soka zinataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Wetu ulikuwa na kiini cha sponji la godoro bovu au soksi zilizotoboka, juu yake mifuko ya plastiki ya rambo tabaka kwa tabaka, kisha kamba iliyochambuliwa kwenye gunia la katani. Mfungaji hodari alianza na msalaba mmoja, akazungusha, akapiga fundo kila kamba zilipokutana, mpaka macho ya wavu yakawa madogo kiasi kwamba kidole hakipiti. Mafundo yakizidi upande mmoja, mpira unapinda njia. Kwa hiyo mtoto mwenye subira ya kufunga kamba aliheshimiwa mtaani sawa na mfungaji wa mabao, na mimi naona hiyo ilikuwa haki yake. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ile imepigwa marufuku Tanzania, na mitaro imepata nafuu kubwa. Watoto nao sasa wanasuka kwa matambara.

Mpira ule haukudunda. Ulibaki miguuni, na uchochoroni kati ya kuta mbili ulilazimika kuuficha, kuukokota, kupiga tobo. Tulicheza pekupeku, hivyo ngozi ilijua ni sehemu gani hasa ya mguu iliyougusa. Mpira wa shule ulipotufikia, mzito na wenye kuruka, ndipo kutuliza kukaanza kudai akili.

Halafu maisha yakaja. Kwa wengi mechi ya mwisho yenye jezi ilikuwa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Baada ya hapo ni kazi, foleni, ada, vikao vya harusi. Mapenzi hayakufa, ila yalihama kutoka miguuni yakaenda machoni na mdomoni. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000 kutazama 22 wakicheza. Mimi ni mmoja wa hao 60,000 na sina mpango wa kuacha. Lakini kushangilia ni kitu kingine. Mtu aliyewahi kuulaza mpira kwa mguu wake anajua kuna raha ambayo jukwaani haifiki.

Watu wakikuona umerudi uwanjani kucheza baada ya miaka mingi, hudhani umetumwa na daktari. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mzuri: kwa mtu mzima, angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila nimeona wanaokuja kwa ajili ya kitambi wakipotea mizani inapogoma kushuka. Wanaobaki ni wale wanaoutaka mpira wenyewe.

Jumamosi alfajiri kwenye timu yetu ya maveterani kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa daladala. Kukimbia hawezi tena, magoti yamekataa. Anasimama katikati ya uwanja, na vijana wa miaka arobaini wanamtupia mipira ya kila namna: ya kifua, ya paja, ya kisigino. Yote inalala. Nimemchunguza kwa karibu. Kabla mpira haujafika, bega lake linageuka upande anakotaka kuupeleka, kwa hiyo mguso wa kwanza tayari ni mwanzo wa pasi. Hahitaji mbio, maana amekwisha kuona. Umri umemnyang'anya kasi na pumzi, lakini huo ufundi haujaguswa, na nadhani mwakani atakuwa mkali zaidi.

Yeye ndiye anayenifunza mguu wa kushoto, kila tukimaliza mechi. Utaratibu wake hauna haraka: kwanza mpira wa kurushiwa kwa mkono, wa chini, ukishaulaza huo bila kuutazama, unahamia kwenye ukuta, unapiga mwenyewe na kuupokea unavyorudi, mwisho kabisa ndipo anakupigia krosi. Siku za kazi nafanya zoezi langu jioni, nyuma ya nyumba, nikishavua viatu vya ofisi na kuvaa raba. Mimi niko hatua ya ukuta.