Kuipima Chachu Iliyofufuliwa Kutoka Chupani

Bia iliyoivia chupani ni ile inayofungwa kizibo ikiwa bado na chachu hai, yaani hamira, pamoja na sukari kidogo, ili gesi yake itengenezwe humo humo ndani badala ya kuingizwa kwa mashine. Alama yake ni mashapo yenye rangi ya krimu yaliyotulia kwenye kitako cha chupa, ambayo mnywaji wa kawaida huyaacha au kuyamwaga, ilhali kwa mpika pombe wa nyumbani ni mbegu.

Katika Temple Hills, kitongoji cha kaunti ya Prince George's jimboni Maryland, jirani na mpaka wa jiji la Washington, mbegu hiyo hufufuliwa jikoni kwa ruhusa ya sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 na kuanza kutumika Februari 1979, ambayo humruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka, karibu lita 378, bila kodi, na kaya yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, mradi bia hiyo isiuzwe. Eneo la Washington lina pia chama cha wapika pombe wa nyumbani, BURP, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho shindano lake huitwa Spirit of Free Beer. Waamuzi wa mashindano ya aina hiyo huionja bia iliyokwisha kupikwa, lakini katika ufundi wa kufufua chachu sehemu kubwa ya ubora huwa imekwisha kuamuliwa kabla sufuria ya bia haijatiwa maji.

Jambo la kwanza kupimwa ni nasaba ya mashapo, kwa kuwa chachu iliyomo chupani si lazima iwe ndiyo iliyoichachusha bia. Sierra Nevada Pale Ale, bia ya California ambayo chachu yake inajulikana miongoni mwa wapikaji kwa jina la mji wa Chico, huivia chupani kwa chachu ile ile iliyoipika, na kwa sababu hiyo humfaa sana anayeanza. Baadhi ya bia za ngano za Ujerumani, kinyume chake, huondolewa chachu yake ya asili na kutiwa nyingine ya kufungia chupa, isiyo na harufu ambayo mpikaji anaitafuta. Orval ya Ubelgiji huongezewa kabla ya kufungwa chachu ya jamii ya Brettanomyces, inayokua polepole na kuleta harufu ya ngozi na zizi la farasi, hivyo anayechukua mashapo yake huchukua jamii mbili kwa mkupuo mmoja. Si aibu kuanza na chachu ya watu wengine: bia mashuhuri ya Duvel, ambayo ni ya Ubelgiji, hupikwa kwa chachu yenye asili ya Uskoti.

Jambo la pili ni umri na nguvu ya bia. Kileo huidhoofisha chachu inayokaa ndani yake, na joto la rafu za duka huharakisha kufa kwake, kwa hiyo chupa ya miezi mitatu yenye kileo cha asilimia 5 ni bora kuliko ya mwaka mzima yenye asilimia 9, hata ikiwa hii ya pili ni tamu zaidi mezani. Mnunuzi makini husoma tarehe kabla ya bei.

Chupa iliyochaguliwa husimamishwa wima kwenye jokofu kwa wiki moja, kisha bia yake humiminwa taratibu, bila kusitasita, hadi kibaki kimo cha vidole viwili hivi, na mdomo wa chupa hupitishwa kwenye mwali wa moto ili kuua vijidudu vya nje. Mashapo hutikiswa na kutiwa katika kianzio, yaani chakula cha kwanza cha chachu: mililita 150 za maji yaliyochemshwa kwa dakika 15 pamoja na gramu 7 au 8 za unga wa kimea, yakapozwa hadi nyuzi 22 hivi. Utamu wake ni hafifu, kama togwa nyepesi ambayo bado haijachachuka, na uhafifu huo ni wa makusudi, maana chachu iliyochoka haipaswi kubebeshwa sukari nyingi mara moja. Chombo hufunikwa kwa karatasi ya aluminiamu iliyolegezwa ili gesi ipate kutoka.

Kuanzia hapo macho na pua ndivyo vipimo. Kwa siku moja au mbili huenda kisionekane chochote, na wengi hukata tamaa mapema mno, kwani kianzio kutoka chupani kinaweza kuchukua siku tano. Dalili ya kwanza ya uhai ni ukungu mwembamba, kama maji yaliyooshewa mchele, kisha mapovu madogo hupanda pembeni mwa kioo, na mwisho tabaka jipya hutua chini, jeupe na laini kuliko mashapo ya awali, likiwa limeyafunika yale meusimeusi ya chachu iliyokufa. Tabaka la chachu nzuri hunyanyuka kama uji mzito chombo kinapozungushwa. Utando mkavu uliokunjamana juu ya kimiminika ni ishara ya vijidudu vya porini.

Harufu ndiyo inayomtofautisha mjuzi na mwanafunzi, kwa sababu harufu moja inaweza kuwa sifa katika bia moja na kasoro katika nyingine. Karafuu ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Harufu inayofahamika na kila aliyepita karibu na majamvi ya kuanikia karafuu Pemba hutokana na viambata vinavyoitwa fenoli, na chachu halali za bia ya ngano huvitoa pamoja na harufu ya ndizi mbivu, kiasi kwamba kianzio cha bia hiyo kisichonukia hivyo kina walakini. Lakini karafuu hiyo hiyo ikisikika katika kianzio cha Sierra Nevada, hata kwa mbali, maana yake ni kwamba chachu ya porini imeingia, na hakuna kiasi cha subira kitakachoiondoa. Harufu ya mkate na tofaa ni njema. Siki na mtindi ni kazi ya bakteria, na harufu ya mpira ulioungua au mchuzi uliolala hueleza kwamba seli zimeanza kuoza zenyewe. Kianzio kinachotiliwa shaka hakirekebishwi kwa kuongezwa kimea, hutupwa.

Mwenye hadubini ana kipimo cha ziada. Seli za chachu ya bia zina umbo la mviringo au la yai, nazo huzaana kwa kuchipuza, chipukizi dogo likitokeza ubavuni mwa mama. Ipo jamii nyingine yenye umbo la kijiti ambayo hugawanyika katikati, iliyoelezwa na Mjerumani Paul Lindner mwaka 1893 kutokana na bia ya nafaka ya Afrika Mashariki, naye akaiita Schizosaccharomyces pombe kwa neno la Kiswahili lenyewe. Kwa kuichunguza chachu hiyo Paul Nurse aligundua sehemu ya siri za mgawanyiko wa seli, akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2001. Inastahili kukumbukwa kwamba neno la vilabu vya Afrika Mashariki husomwa leo katika maabara za dunia nzima.

Kianzio kilichofaulu huongezwa kwa hatua, kutoka mililita 150 hadi lita moja, sasa kwa gramu 100 za unga wa kimea kwa lita, na kila hatua kimiminika chake huonjwa, kwa kuwa hiyo ni bia changa isiyo na hopsi, yaani maua ya kutia uchungu, ya kuficha kasoro. Bia ya kwanza hupikwa kidogo, lita nne hivi, na inapoiva humiminwa kando ya chupa mpya ya bia ya asili, katika bilauri mbili zilizo sawa na joto moja. Sehemu ya chachu huwa imebaki kwenye jokofu katika chupa ndogo iliyoandikwa jina la bia, tarehe na hatua iliyofikia, ikisubiri matokeo ya bilauri hizo mbili kabla ya kukabidhiwa sufuria kubwa.